Kupandisha maji kwenye pipa la juu: jenereta iache dukani kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Nina nyumba ndogo ya mbao, vyumba viwili, shambani kwetu Lushoto. Tunakwenda wikendi na likizo, mimi, mke wangu na watoto wawili. Umeme haujafika. Maji tunachota kijitoni, chini ya mteremko, kama hatua 120 kutoka mlangoni. Kwa macho naona kimo chake kama ghorofa tano. Karibu na tunapochotea kuna mwamba ambao maji yanaporomoka, urefu wa mtu na zaidi kidogo. Nyuma ya nyumba shamba linaendelea kupanda, ndiko iliko migomba. Nimepata pipa la bluu la lita 200. Fundi wa huku ameniambia nijenge mnara wa mita 4, ninunue mota ya nusu hosi, jenereta ya kuiendesha, na bomba la nusu inchi. Nataka maji jikoni, chooni na bafu la mvua. Hesabu yake iko sawa?

Jibu: Marahaba. Mota, jenereta na bomba la nusu inchi, viache dukani vyote vitatu kwa sasa. Na huo mnara nao huenda usiuhitaji. Kwa bahati nzuri umetaja mambo mawili ambayo fundi wako hakuyapa uzito: ule mwamba, na migomba iliyo juu ya nyumba.

Kwanza tuipime kazi yenyewe, maana watu wengi huogopa neno "kupandisha" wakadhani ni kazi ya mashine kubwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ghorofa tano ni kama mita 15. Ongeza mita 5 au 6 za kufika mahali pipa litakapokaa, tuseme mita 20 hivi. Kuinua kilo 200 kwa mita 20 kunahitaji nguvu ileile ambayo taa ya wati 11 inakula kwa saa moja. Basi. Pampu ndogo hupoteza nguvu nyingi njiani, kwa hiyo zidisha mara nne: ni taa nne kama hizo kwa saa moja. Kwa ajili ya taa nne unataka kubeba jenereta kutoka mjini, petroli kila wikendi, na kelele juu yake?

Mota ya nusu hosi inataka jenereta kubwa si kwa sababu ya maji, bali kwa sababu ya kuwaka. Ikiwa inazunguka inakula wati mia tano hivi, lakini sekunde ile inapoanza huvuta mara tatu ya hapo au zaidi. Jenereta ndogo itakohoa na kuzima. Utajikuta umenunua ya kilowati mbili ili kujaza pipa ambalo lingeweza kujazwa na paneli ya sola ya wati mia.

Sasa kuhusu kibati cha mota. Ukisoma ubavuni utaona kitu kama "Qmax 40 l/min, Hmax 40 m". Mteja husoma hivi: inatoa lita 40 kwa dakika na inapandisha mita 40, mimi nataka 20 tu, imenizidi. Sivyo. Hizo namba mbili hazikutani hata siku moja. Lita 40 unazipata maji yakitoka bila kupanda popote. Kwenye mita 40 mota inazunguka, inachemka, na juu hakitoki kitu. Wewe uko katikati, na hapo katikati ndipo bomba la nusu inchi linapokula hesabu yako.

Msuguano ndani ya bomba ni kitu ambacho hakionekani, kwa hiyo hakuna anayekilipia mpaka kimlipize. Hatua zako 120 na kile kipande cha migombani ni kama mita 100 za bomba. Ukipitisha lita 20 kwa dakika kwenye bomba la nusu inchi la urefu huo, msuguano peke yake ni sawa na kupandisha maji mita 27 zaidi. Jumlisha na mita zako 20 za kweli: pampu inaona mlima wa mita 47, na yenyewe mwisho wake ni 40. Itajipunguza yenyewe mpaka kwenye lita 11 hivi kwa dakika, kama robo ya ile namba ya kibatini. Ukitumia bomba la robo tatu, zile mita 27 zinashuka kuwa 7. La inchi moja, 2 tu.

Lakini angalia upande wa pili wa hesabu hiyohiyo, ndio ninaoupenda mimi. Usibadilishe bomba, punguza mwendo. Maji yakipanda lita 5 kwa dakika badala ya 20, lile bomba jembamba la nusu inchi linakula mita 2 badala ya 27. Kwa robo tatu ni nusu mita. Maji yanayokwenda polepole hayagombani na bomba. Na wewe una haraka gani? Pipa lipo ili maji yaingie kidogo kidogo mchana kutwa, halafu yatoke kwa wingi jioni mkioga. Kwa hiyo tafuta chombo cha polepole. Kwako viko viwili, na cha kwanza hakitumii umeme wala mafuta.

Kabla ya hapo, kipime kile kimo. "Ghorofa tano kwa macho" ni kauli ya mtu aliyepanda akiwa na ndoo kichwani, na ndoo huongeza ghorofa. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, isiyo na rangi, ijaze nusu, funga, ilaze. Uso wa maji ndani yake ni leveli yako. Simama kijitoni, inua chupa mpaka mstari wa maji uwe sawa na jicho, tazama kwa mstari huo kuelekea mteremkoni. Pale jicho linapogonga, mtoto aweke jiwe. Nenda usimame kwenye jiwe, rudia. Kila jiwe ni kimo cha kutoka unyayoni mpaka jichoni mwako, kwa watu wengi kama mita 1.55. Mawe 13 ni mita 20. Ukitaka uhakika zaidi, mafundi wa ujenzi wana ule mpira wao unaopitisha mwanga wa kulinganishia ukuta. Waazime, unafanya kazi hiyohiyo kwa usahihi wa kidole. Hatua za mguu ziandike pia, ila hizo ni za kununulia bomba. Pampu ya polepole inajali kimo zaidi.

Jambo la pili la kupima ni kijito chenyewe. Zuia kwa mawe na udongo pale maji yanapojikusanya, yapitishe kwenye kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 40 una lita 30 kwa dakika. Upime mwishoni mwa kiangazi, Septemba hivi, kabla ya vuli. Kijito cha mwezi wa Mei kinamdanganya kila mtu.

Sasa ule mwamba. Maji yanayoanguka mita 2 yana nguvu, na kuna pampu inayotumia nguvu hiyo kupandisha sehemu ndogo ya maji hayohayo. Wataalamu huiita haidramu. Wengine wanaiita pampu ya kugonga, na ukiisikia utajua kwa nini. Aliyeifanya ijiendeshe yenyewe ni Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, mwaka 1796, mmoja wa wale ndugu wawili waliorusha baluni ya hewa ya moto mwaka 1783. Tangu hapo haijabadilika sana, kwa kuwa ndani yake kuna valvu mbili na chupa ya hewa, hakuna kingine.

Umewahi kufunga koki ghafla ukasikia bomba ukutani linagonga "tok"? Hayo ni maji yaliyokuwa mwendoni yakakosa pa kwenda. Haidramu inafanya hivyo kwa makusudi, kama mara 40 mpaka 60 kwa dakika. Maji yanashuka kutoka juu ya mwamba kwenye bomba la chuma, yanatoka nje kwenye valvu ya kwanza. Yakiongeza kasi yanaibeba valvu na kuifunga kwa kishindo. Kishindo kinafungua valvu ya pili, maji kidogo yanaingia kwenye chupa ya hewa, hewa inabonyea, kisha inayasukuma maji juu kwenye bomba la kwenda nyumbani. Presha ikishuka, valvu ya kwanza inaanguka na kufunguka, mchezo unaanza upya. Usiku na mchana, hata mkiwa mjini.

Hesabu yake ni nyepesi: maji yanayoingia, zidisha kwa kimo cha kuanguka, gawa kwa kimo cha kupanda, halafu chukua nusu kwa ajili ya upotevu. Kwako, tuseme zinaingia lita 20 kwa dakika, mara mita 2, gawa kwa 20, ni lita 2. Nusu yake, lita 1 kwa dakika. Usicheke. Lita 1 kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku. Pipa lako linajaa kwa saa tatu na dakika ishirini, na zile lita 19 nyingine zinarudi kijitoni papo hapo chini ya mwamba.

Inaweza kuundwa na fundi bomba yeyote anayejua kufunga nyuzi, kwa vifaa vya dukani: tii (kiungo cha njia tatu), nipo (kibomba kifupi chenye nyuzi pande zote), valvu mbili za shaba za kuzuia maji kurudi (moja ikigeuzwa), na kipande cha bomba nene lililofungwa juu kuwa chupa ya hewa. Mambo manne yasichezewe. Bomba la kushusha maji kwenye pampu liwe la chuma, kwani la plastiki linanyumbuka na kukimeza kile kishindo unachokitaka. Na urefu wake uwe mara nne mpaka saba ya kimo cha kuanguka, kwako mita 8 mpaka 14. Pampu ifungwe kwenye zege, isiachwe juu ya mawe, itatembea. Hewa ya kwenye chupa huyeyuka taratibu ndani ya maji, na ikiisha utasikia sauti imebadilika, imekuwa kavu, na kitu kitapasuka. Dawa ni kutia ndani ya chupa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichojazwa upepo na kufungwa pande zote. Ya nne, mlango wa maji uwe na wavu, jani moja la mgomba likikwama kwenye valvu kazi imekwisha. Siku ya kuiwasha utaibonyeza ile valvu kwa mkono mara ishirini, thelathini, mpaka bomba la juu lipate uzito. Ukiacha mkono ikaendelea yenyewe, kaa hapo dakika tano uitazame. Mimi huwa nakaa.

Kijito kikiwa hafifu, chini ya lita 10 kwa dakika Septemba, au mwamba ukiwa mfupi kuliko ulivyosema, chukua njia ya pili: pampu ndogo ya sola ya volti 12 na paneli ya wati 100 mpaka 150. Kwa lita 4 kwa dakika kwenye mita 20, yenyewe inakula wati hamsini hivi. Paneli nimeizidisha kwa sababu ya ukungu wa Usambara, ambao unaujua kuliko mimi. Pipa linajaa kwa dakika 50. Zile pampu za kiwambo, kama za mashine za kupulizia dawa, zina swichi ya presha ndani. Ukifunga valvu ya boya kwenye pipa, pipa likijaa boya linafunga, presha inapanda, pampu inajizima yenyewe kule chini bila waya wowote wa mita 100. Ila soma ile presha ya kujizimia. Mita 20 za maji ni bar 2 za presha tayari. Pampu inayojizima kwenye bar 2.4 itakuwa inawaka na kuzima kama mtu mwenye kwikwi. Tafuta ya bar 4 na kuendelea, na uipumzishe kila ikimaliza pipa, hizi hazikuundwa kukimbia kutwa.

Pampu yoyote utakayochagua, iweke chini karibu na maji. Hili nimelilipia mwenyewe. Miaka ya mwanzo wa kazi niliwahi kumfungia mteja mota barazani, ili isiibwe, kimo cha mita 8 kutoka majini, hukohuko milimani. Nilikuwa nimesoma kwamba pampu huvuta mpaka mita 10. Tukaijaza maji, tukawasha, ikanguruma, ikameza upepo. Tukajaza tena. Tulikunywa chai mara mbili, jua likazama, mama mwenye nyumba akapeleka watoto kuchota. Ukweli ni kwamba pampu haivuti maji. Inatoa hewa kwenye bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Baharini, pale Tanga, uzito wa hewa unaweza kuyainua mita 10.3, kwa hesabu ya kitabuni. Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, na kitabu chenyewe kinasema kama 8.7. Toa uvujaji na msuguano, ukipata mita 5 au 6 shukuru. Kusukuma kwenda juu hakuna kikomo hicho, ni nguvu yako tu. Na hapo pampu inapoanzia kusukuma, funga valvu ya kuzuia maji kurudi, ama sivyo kila ikizimika, bomba lote la mita 100 litarudi kijitoni.

Tuje kwenye pipa. Mnara wa mita 4 wa kubeba kilo 200 si kitu cha kupigilia misumari Jumamosi moja. Unataka nguzo nene, mikingamo, na zege miguuni. Lakini wewe una kilima. Panda migombani kwa ile chupa yako mpaka ufike mita 6 juu ya sakafu ya nyumba, chonga kitako kwenye mteremko, panga mawe, weka pipa. Kitako kiwe kwenye udongo uliochongwa, kisiwe kwenye ule uliojazia mbele. Uliojazwa utatitia masika ya kwanza na pipa litalala. Hapo hata ukiongeza mapipa mawili mengine yaliyounganishwa kwa chini, ardhi haitalalamika. Nakushauri uyaongeze. Watu wanne wenye choo cha kuvuta na bafu la mvua wanamaliza lita 200 kwa siku moja bila kujitahidi.

Mita 6 juu ya sakafu ni mita 4 juu ya kichwa cha bafu, yaani bar 0.4. Ni maji ya kuogea vizuri, si ya kuchapa mgongo kama ya hotelini, na hita nyingi za gesi hazitashika moto kwa presha hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Kwenye mnara wa fundi wako ungebaki na mita 2. Na hapa, kwenye kushuka, ndipo pesa ya bomba iende. Kwa maji ya bafu, kama lita 8 kwa dakika, mita 20 za bomba la nusu inchi zinakula mita nzima ya presha yako. Za inchi moja zinakula sentimita 7. Kwa hiyo shusha inchi moja kutoka pipani mpaka ukutani, ulipunguze hapo kwenye koki, na koki ziwe zile zenye tufe ndani (ball valve), zinazofunguka tundu lote. Kichwa cha bafu chukua kile cha kawaida chenye matundu makubwa.

Tundu la kutolea maji litoboe sentimita 8 hivi juu ya kitako cha pipa ili tope libaki chini, na lingine dogo chinichini la kusafishia. Bomba la kumwagia ziada liwe nene kuliko la kuingizia, lifungwe chandarua mbu wasiingie, na lielekezwe migombani. Ukitumia haidramu maji yatamwagika hapo muda wote, migomba itakushukuru. Pipa lako la bluu, nusa ndani. Muulize aliyekuuzia lilibeba nini. La juisi au mafuta ya kula, sawa. Kama lilikuwa la kemikali au hajui, lifanye la kuhifadhia mkaa. Na hata likiwa safi, maji ya kijito ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Kabla hujaweka jiwe hata moja kijitoni, pita ofisi ya kijiji na uulize Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kuhusu kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na wanaochota chini yako wana haki ya kujua unajenga nini. Haidramu huwatisha watu kwa kule kugonga kwake. Waite waone maji yanavyorudi.

Usinunue kitu mpaka Septemba. Nitumie namba tatu: sekunde za ndoo, idadi ya mawe kutoka kijitoni mpaka migombani pamoja na kimo cha jicho lako, na urefu wa ule mwamba kwa futi ya fundi. Nitakupigia hesabu ya bomba la chuma, inchi moja au moja na nusu.